Chyna alibebwa na Triple H? Jibu langu refu kidogo

Mkuu umeuliza kama Chyna, yule dada wa mieleka ya Marekani, alikuwa mwanamieleka kweli au alibebwa tu na mwanamieleka mwenzake Triple H kwa vile walikuwa wapenzi, na wengi waliotangulia wamekujibu kwamba mieleka yenyewe ni maigizo kwahiyo swali halina maana. Mimi naona lina maana sana. Huyu dada nimemfuatilia tangu enzi za deki na kanda za video, na mwenyewe ni mwanamke nanyanyua vyuma na nimecheza judo miaka mingi, so kuna vitu naviona kwenye kazi yake ambavyo mtu anayeangalia tu anaweza asivione.

Kwanza ujue alikuta hali gani. Desemba 1995 bingwa wa wanawake wa WWF (kampuni ya mieleka ambayo sasa ndo WWE), Alundra Blayze, alihamia kwa kampuni pinzani WCW, akatokea kwenye TV yao na mkanda wa ubingwa wa WWF akautupa kwenye pipa la takataka laivu watu wanaona. Baada ya hapo WWF wakaacha kabisa ubingwa wa wanawake, haukurudi mpaka Septemba 1998. Yani Chyna anaingia Februari 1997 hakuna mkanda wa wanawake, hakuna wapinzani wa kike wa maana, wanawake waliokuwepo kazi yao kubwa ni kumsindikiza mwanaume ulingoni na kupigiwa miluzi. Kwahiyo wanaosema "angepigana na wanawake wenzake" wangesema na wanawake gani.

Jina lake halisi Joan Laurer, wengi walimwita Joanie, kazaliwa Rochester, New York, Desemba 1969. Na alikuwa msomi, alisoma fasihi ya Kihispania Chuo Kikuu cha Tampa kule Florida akamaliza 1992, hii watu wengi hawaijui. Vyuma alianza kunyanyua akiwa bado binti, akashiriki mashindano ya wanawake wa mazoezi, halafu akaenda kujifunza mieleka kwa mzee Killer Kowalski huko Massachusetts, ambako Triple H naye ndiko alikofundishwa. Mwalimu mmoja, mazoezi yaleyale ya kuanguka siku nzima. Sasa mtu aliyepita shule hiyohiyo unasemaje kabebwa?

Siku yake ya kwanza WWF ilikuwa Februari 16, 1997, Chattanooga, Tennessee. Hakutangazwa wala nini. Alikuwa kwenye watazamaji tu, na Triple H alipomaliza pambano lake na Rocky Maivia (huyu ndo baadaye akawa The Rock), yeye akatokea nyuma ya Marlena, kale kadada kembamba kalikokuwa kanamsindikiza mwanamieleka Goldust, akamkaba akawa anamtikisa kama mtu anayekung'uta mkeka. Walinzi wakaja kumtoa. Hapo hakuna hata neno moja kasema lakini kila mtu ameshajua huyu ni nani na anaweza nini.

Baada ya hapo miezi na miezi kazi yake ikawa kusimama. Kampuni ilikuwa inasita kumwacha awapige wanaume, waliogopa watazamaji hawataamini, basi yeye akawa anasimama nyuma ya Triple H na Shawn Michaels kwenye kundi lao la D-Generation X, wale wanaruka ruka wanatukana watu, yeye hacheki, hasemi, hapepesi macho. Jaribuni kusimama mbele ya watu maelfu bila kufanya chochote halafu wakuangalie wewe, ni kazi ngumu kuliko kuongea. Kundi zima lilikuwa linachekesha kwa sababu yeye hacheki.

Banda la video la mtaani kwetu Tanga wanaume wazima walikuwa wanabishana kama yule ni mwanamke au mwanaume, na maneno yakawa machafu kwelikweli. Mimi nilikuwa binti mwenye mabega mapana, nyumbani shangazi zangu walikuwa wananiambia niache kubeba ndoo mbili mbili nitaharibika umbo, kwahiyo kila tusi alilotupiwa Chyna mle ndani lilikuwa linapita kwangu kwanza. Ila ilikuwa mara ya kwanza naona mwili unaofanana na ninaoutaka, na mtu mwenye mwili huo watu wanampisha njia.

Sasa hilo la maigizo. Mshindi kapangwa ndiyo, ila sakafu haijapangwa. Ulingo ule ni mbao juu ya vyuma, hapo katikati kuna godoro jembamba na turubai basi. Judo tunafundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kumwangusha mtu, kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka kabla mgongo haujafika, na bado ukikosea unasikia kichwani siku mbili, sisi tuna mikeka kabisa. Halafu chukua ile Pedigree, pigo la kumalizia la Triple H, ambayo Chyna naye alikuwa anaipiga. Unamweka mwenzio kichwa katikati ya mapaja, unamfunga mikono yote kwa nyuma, mnaruka mnashuka. Usipomwachia mikono kwa wakati hana cha kujikingia, anatua na uso. Mwanaume wa kilo mia na zaidi anakupa shingo yake hivyo kwa sababu anajua unajua. Na kumbeba mtu mzito hata kama anakusaidia kwa kuruka, mgongo wa chini na mapaja yakiwa dhaifu mnaanguka wote wawili vibaya. Hakuna mpenzi anayekusaidia hapo.

1999 ndo mwaka wake. Januari akawa mwanamke wa kwanza kuingia Royal Rumble, lile pambano la watu 30 wanaoingia mmoja mmoja na kutupana nje ya ulingo, akaingia namba 30, akamtoa Mark Henry, jitu lile la kunyanyua vyuma Olimpiki, kabla Stone Cold, nyota mkubwa wa kampuni, hajamtoa yeye. Halafu Oktoba 17, kwenye onyesho la No Mercy, Cleveland, dhidi ya Jeff Jarrett kugombea mkanda wa Intercontinental, ambao ulikuwa wa wanaume. Stori ilikuwa Jarrett anasema wanawake kazi yao jikoni, kwahiyo pambano likawa la vyombo na vitu vya nyumbani. Jarrett akampiga na mkanda wenyewe akahesabiwa ushindi, refa akaufuta akasema mkanda si kitu cha nyumbani pambano liendelee, Chyna akamvunjia gitaa kichwani akambana moja mbili tatu. Mwanamke wa kwanza kuushika mkanda ule. Na ujue mkataba wa Jarrett ulikuwa umeshaisha, alidai alipwe kwanza ndo apande ulingoni, kesho yake akatokea WCW. Yani usiku mkubwa kuliko yote wa huyu dada ulitegemea mwanaume aliyekuwa mlangoni anaondoka.

Akaendelea kupambana na Chris Jericho, kisha 2000 wakamweka kwenye stori ya mapenzi na Eddie Guerrero aliyekuwa anamwita Mamacita, na hapo kile Kihispania cha chuo kikapata kazi, na ndo mara ya kwanza tukamwona anacheka. Aprili 1, 2001 akamkung'uta Ivory pale WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote la mwaka, Houston kwa dakika chache tu akawa bingwa wa wanawake. Mwaka huohuo akaondoka, mapenzi na Triple H yameshaisha, jamaa yuko na Stephanie McMahon binti wa mwenye kampuni. Jina Chyna likawa la kampuni, ikabidi atafute kazi kwa majina mengine. 2002 akaenda New Japan, kampuni ya mieleka ya Japani, akapigana na wanaume wa kule, hadi na Masahiro Chono. Huko Triple H hakuwepo mkuu. Mimi hii peke yake naiona inajibu swali lako.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mateso, pombe na dawa, sitaki kuyachambua hapa maana mitandao ilishafaidi vya kutosha. Alirudi kidogo ulingoni kwenye kampuni ya TNA Mei 2011 akiwa na Kurt Angle, akaishi Japani akifundisha Kiingereza, na Aprili 2016 akakutwa amefariki nyumbani kwake Redondo Beach, California, ana miaka 46.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Aprili 6, 2019 WWE wakamwingiza Hall of Fame, orodha yao ya heshima, ila kama mwanakundi wa D-Generation X pamoja na wanaume watano. Kesho yake Becky Lynch, Ronda Rousey na Charlotte Flair wakapigana pambano la mwisho la WrestleMania, wanawake kwa mara ya kwanza kabisa. Alistahili nafasi yake peke yake, jina lake peke yake, na bado anastahili.

Ukitaka kumwangalia usianze na klipu za TikTok zile za kumpiga mtu sehemu za siri. Tafuta No Mercy 1999 nzima, kisha Survivor Series ya Novemba hiyohiyo alipomshinda Jericho, na mwangalie miguu yake kila anapombeba mtu.