Njia panda mbele ya shule: rangi peke yake haitoshi

Dada yangu, umeuliza kama kuchora kivuko cha pundamilia kutawalinda watoto kwenye njia panda iliyo mbele ya shule yao hapo Dar es Salaam. Peke yake, hapana. Rangi hufutika, na dereva mwenye haraka hata haitazami. Kinachomlazimisha kupunguza mwendo ni umbo la barabara yenyewe: kivuko kilichoinuliwa kama tuta pana, na kona iliyobanwa ili gari likate taratibu. Kona pana naiogopa kuliko kitu kingine, maana bodaboda na daladala huipita bila kugusa breki. Ombeni kikomo cha mwendo cha kilomita 30 kwa saa. 50 ni nyingi mno penye watoto.

Kwanza ulizeni barabara ni ya nani. Kuu na za mkoa ziko TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za mitaa ziko TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Shirika la usalama barabarani la Amend limeboresha barabara za shule kadhaa jijini humo kwa njia hizi, likapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, kwa hiyo hamwombi jambo geni. Nendeni na mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu, mkiwa na picha za saa ya watoto kutoka. Na njia ya waenda kwa miguu iwekwe nguzo fupi, la sivyo itageuka maegesho.