Nilisaini kuwa mtoa huduma. Je, nimepoteza haki za mfanyakazi?

SWALI: Nabangua korosho katika kiwanda kimoja hapa Masasi tangu Januari mwaka jana. Naingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki, na mapumziko ya saa moja mchana. Mashine, aproni na glovu ni vya kiwanda, na malipo ni kwa kilo. Karatasi niliyosaini inasema mimi ni mtoa huduma anayejitegemea. Wiki mbili zilizopita mafuta ya ganda yaliniunguza mkono. Msimamizi akasema matibabu ni juu yangu, na niliporudi nikakuta nafasi yangu amepewa mwingine. Je, nina haki yoyote?
Msomaji, Masasi

JIBU: Pole sana, dada yetu. Haki unazo, na karatasi hiyo haikuziondoa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinataja hali saba, na ikionekana hata moja tu, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwaje. Hali hizo ni pamoja na kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kupangiwa saa, kupewa vitendea kazi, kumtegemea anayekulipa kwa riziki yako, na kumfanyia kazi mtu mmoja tu. Nyingine ni kufanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kiwango ambacho wewe unakipita ndani ya wiki moja. Kwa hiyo ni kiwanda kinachotakiwa kuthibitisha kwamba hukuwa mwajiriwa.

Kulipwa kwa kilo hakubadilishi jambo hili, kwa sababu hiyo ni njia ya kukokotoa ujira tu. Fundi anayeitwa kutengeneza mashine, akaja na vifaa vyake, akataja bei yake na kesho akaenda kiwanda kingine, huyo ndiye anayejitegemea kweli. Inasikitisha kuona mama anayesimamiwa kutwa nzima akiandikwa sawa na fundi huyo ili kiwanda kikwepe michango ya NSSF na likizo ya siku 28 kwa mwaka.

Tena, saa zako ni tisa kwa siku, yaani 54 kwa wiki, ilhali kikomo cha kawaida ni 45. Zinazozidi ni za ziada, na hulipwa mara moja na nusu.

Kuhusu mkono, taarifa ipelekwe mapema katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, pamoja na vyeti vya hospitali. Kuhusu kuondolewa, umeshapita miezi sita kazini, hivyo unalindwa dhidi ya kuachishwa isivyo halali. Nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mjini Mtwara, ujaze Fomu Namba 1 na kumpelekea mwajiri nakala. Huduma hiyo hailipiwi. Chukua daftari la kilo, ujumbe wa malipo kwenye simu na majina ya wenzako walio tayari kutoa ushahidi. Lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na madai mengine, kama ya saa za ziada, ndani ya siku 60, kwa hiyo tunakusihi uende wiki hii hii.