Re: Mkuki mrefu unafika mraba wa pili wa mshazari?

Salaam mkuu. Unauliza kama mkuki mrefu wa futi 10 unampata adui aliye miraba miwili kwa mshazari kwenye ramani ya miraba. Hukutaja ni mchezo gani wa mezani wa kuigiza wahusika, na jibu linaanzia hapo.

Pathfinder toleo la 2: mshazari wa kwanza futi 5, wa pili 10, jumla 15. Lakini silaha ya futi 10 ina ruhusa maalumu, inafika. Bila hiyo adui angekusogelea kupitia kona bila kuguswa, kichekesho! Unapotembea ruhusa hiyo haipo, na hesabu ya mishazari (5, 10, 5, 10) inaendelea mpaka zamu yako iishe. Wengi wanaianza upya kila wanapotembea tena ndani ya zamu ileile, wanajizawadia futi 5 za bure.

Dungeons & Dragons toleo la 5: kila mraba futi 5 tu, hata wa mshazari, unafika. Ila unapotembea huruhusiwi kukata kona ya ukuta kwa mshazari.