Barua kwa mwanangu anayejipima kwenye kioo

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako, nikairudia. Unasema miezi miwili sasa unanyanyua vyuma jioni tano kwa wiki, na bado ukijitazama kwenye kioo unaona mikono ile ile na kifua kile kile. Unauliza uendelee au uache. Kisha mwishoni, kama jambo dogo tu, umegusia bega.

Nianze na kioo, maana ndicho kinachokuonea. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka kabla misuli haijanenepa. Mfumo wa fahamu ndio unaojifunza kwanza: ubongo unazoea kuziita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja, na misuli iliyokuwa ikipingana inapunguza kupingana. Ndiyo maana mtu huweza kunyanyua leo chuma kilichomshinda mwezi uliopita, na shati likamkaa vile vile. Unene huja baadaye, polepole, kwa anayelala na kula vya kutosha. Umenieleza habari za kioo ukurasa mzima, lakini uzito ulioanza nao na unaonyanyua sasa hukuutaja popote. Mimi ningeuliza huo kwanza.

Unajua ninachokisema siku zote, hata ndugu zako wamechoka kukisikia: nguvu hupimwa kwenye kiti. Nimekipata kwa babu yako.

Wewe ulikuwa mbali kimasomo mwaka ule. Uliambiwa tu kwamba Babu ameanguka, amelazwa, amerudi. Kilichofuata hukukiona. Mfupa haukuvunjika, lakini alipofika nyumbani mjomba wako alisema mzee apumzike, na sote tulijua anasema kwa mapenzi. Babu akitaka kuinuka, mjomba wako huyo hapo, anamshika chini ya makwapa na kumsimamisha. Akitaka maji, analetewa. Mwili wa mzee hausubiri katika hali hiyo. Wazee wazima wa afya waliowahi kulazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Basi Babu, aliyekuwa akikupandisha begani huku anaimba, akafika mahali kiti kikamshinda. Siku moja nilimkuta ameketi ukingoni, vidole vimekaza kwenye mikono ya kiti, anajisukuma mbele, anarudi, anajisukuma tena, anarudi. Aliponiona akajifanya anauweka sawa mto. Baba yangu, ananificha mimi! Hilo linaniuma hadi leo.

Ndipo akaja yule dada wa mazoezi ya viungo. Alipoambiwa mzee apumzike, alikataa palepale. Alimweleza mjomba wako kwamba mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, kule Boston, walichapisha matokeo ya watu 10 dhaifu waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi. Waliwafanyisha mazoezi ya miguu kwa uzito mkubwa wiki 8, na nguvu za 9 waliomaliza zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mjomba wako akasema, "Wetu ni dhaifu." Dada akamjibu, "Na wale pia."

Aliweka mto mnene kwenye kiti ili kiinuke. Miguu irudi nyuma kidogo, mikono ikunjwe kifuani, kifua kitangulie mbele, simama. Kisha kukaa taratibu, bila kujiangusha, kwa kuhesabu hadi nne. Babu alipozoea, mto ukaondolewa. Alipozoea tena, akapewa mzigo wa kukumbatia kifuani. Hakuna uchawi mwingine, mwanangu: mzigo unaongezwa kadiri mwili unavyoumudu. Siku aliposimama mwenyewe bila kushika kitu, mjomba wako alimkimbilia mikono wazi. Babu akakaa makusudi, akasimama tena, akamwambia, "Nipishe." Nilicheka huku nalia.

Najua utasema wewe si Babu, una miaka 31. Kweli. Na kutaka kifua kizuri si dhambi, ujana ndio wakati wake. Tena sijui kama ni haki kumpa kijana sababu za mzee. Nani anatoka kitandani alfajiri kwa ajili ya kiti cha miaka 40 ijayo? Lakini misuli isiyotumiwa huanza kupungua pole pole kuanzia miaka ya 30, na haikutumii taarifa. Unajua tu siku kiti kinapokataa. Nguvu hupimwa kwenye kiti, nimesema.

Hizo jioni tano nazo, nani amekuambia lazima ziwe tano? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mazoezi ya nguvu kwa misuli yote mikubwa siku 2 au zaidi kwa wiki. Siku mbili za dhati, miguu ikiwemo (sikuona neno "miguu" kwenye barua yako), na jioni zako nyingine unazipata.

Kwa hiyo uendelee au uache? Kalamu inataka kuandika neno moja hapa, nami naizuia, kwa kuwa umeshakuwa mtu mzima na mwili ni wako. Sitaki uendelee kwa sababu mama amesema. Lakini usiache kwa sababu kioo kimesema. Aa, karibu nimeshaamua. Naishia hapo.

Ila la bega sikuachii. Maumivu ya msuli uliochoka huisha kwa siku chache. Hayo yako unasema yanachoma ndani ya kiungo kila unapoinua mkono juu ya kichwa. Acha kusukuma vyuma juu kuanzia leo, na wiki hii uende kwa daktari.

Mama yako