Hamira ileile, taa ileile, majibu mawili

SWALI: Nafundisha baiolojia kidato cha sita hapa Uyole, Mbeya. Wanafunzi walimulika hamira ya mkate kwa taa ya kuulia vijidudu, ya nanomita 254, kwa sekunde 30. Kundi la kwanza lilitumia hamira iliyokuwa bado inatoa povu, likaacha visahani vya kuoteshea dirishani, koloni (vishada vya seli) zikajaa. Kundi la pili lilitumia hamira ya siku tatu na kufungia visahani kabatini, zikaota chache. Je, hamira ikikaa hudhoofika mbele ya mionzi?

JIBU: Mwalimu, makundi yako yalitofautiana kwa mambo mawili, umri na mwanga, kwa hiyo huwezi kuulaumu umri. Sisi tunalishuku dirisha kwanza. Urujuanimno, yaani mionzi ya taa hiyo, huunganisha besi (vijenzi) mbili jirani za DNA, molekuli ya urithi, na seli ikashindwa kuinakili. Hamira ina kimeng'enya, fotoliasi, ambacho hutumia mwanga wa bluu kuzitenganisha tena. Kioo cha dirisha huupitisha mwanga huo, hivyo kundi la kwanza liliendelea kutibiwa baada ya taa kuzimwa.

Rudieni hivi: hamira ya kila umri ipate visahani vya aina mbili, vya kufungwa kwa foili papo hapo na vya kukaa dirishani saa moja kwanza.

Umri nao una uzito wake. Seli iliyomaliza sukari hukaza ukuta na kuweka akiba ya trehalosi, aina ya sukari, ikavumilia joto kuliko ile inayogawanyika. Kwa mionzi ya gama mambo hubadilika, kwa kuwa hiyo hukata nyuzi zote mbili za DNA. Seli yenye seti moja ya kromosomu, ikiwa haijazinakili, haina kielelezo cha kurekebishia. Yenye kichipukizi, yaani seli changa inayochomoza, tayari ina nakala, nayo hupona zaidi. Hamira ya mkate kwa kawaida ina seti mbili au zaidi, ndiyo maana ni ngumu kufa.

Gramu 1 ya hamira kavu ina seli bilioni 10 au zaidi. Ukiikuza katika mililita 100, izimue mara 5 mfululizo kwa visahani visivyomulikwa, kila mara mililita 1 katika 9 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Kwa visahani vya kumulikwa sekunde 10 izimue mara 4, vya sekunde 40 mara 3. Paka mililita 0.1. Taa iwake dakika 10 kwanza, na vifuniko viondolewe, maana plastiki na kioo huzuia mionzi hiyo. Macho na ngozi za wanafunzi zikingwe kabisa, hapo msilegeze.

Kila umri uwe na visahani vyake visivyomulikwa, kwani hamira ya siku tatu huwa na seli zilizokwisha kufa, na asilimia ya seli zilizopona ipigwe dhidi ya hivyo. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha koloni: weka visahani kwenye boksi lenye chupa ya maji ya moto, nyuzi 25 hadi 30, uhesabu siku ya tatu.