Re: Majipu yanarudi licha ya amoksilini

Pole dada, na mpe pole mdogo wako. Umeuliza kama jipu la pajani la kijana anayebeba dagaa pale Mwaloni, Kirumba, linahitaji dawa kali zaidi baada ya amoksilini kushindwa mara mbili. Tafadhali, msikimbilie duka la dawa tena.

Majipu mengi husababishwa na bakteria aitwaye Stafilokokasi aureasi. Wengi wao hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafanya kazi, kwa hiyo hata akimaliza dozi, wao wanadunda tu. Wapo sugu zaidi, waitwao MRSA, waliobadilisha ile sehemu ya mwili wao ambayo dawa za jamii ya penisilini hushikia. Hao kloksasilini haiwawezi, wala sefaleksini. Walianza kuripotiwa Uingereza mwaka 1961, wakajulikana kama wa hospitalini, lakini siku hizi wanampata hata mtu ambaye hajawahi kulazwa.

Jipu lililoiva dawa yake kubwa ni kupasuliwa na mhudumu wa afya, usaha utoke wote. Dawa haipenyi vizuri kwenye mfuko wa usaha! Na kwa kuwa linarudi, mwombe daktari usaha upelekwe maabara, bakteria aoteshwe, waone dawa ipi inamuua. Hospitali ya Bugando wana maabara hiyo. Apimwe na sukari pia.

Asilikamue. Taulo na wembe asichangie na wenzake geto. Akipata homa, au wekundu ukisambaa, aende siku hiyohiyo.