Mwanangu hafungui kitabu mpaka alipwe

"Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Alikuwa akipenda mno vitabu vya hadithi. Baba yake kwa furaha akaanza kumpa shilingi 500 kwa kila kitabu anachomaliza. Sasa hasomi bila pesa, anachagua vile vyembamba tu, na nikimwambia leo hakuna kitu anajitupa chini na kupiga mayowe. Ameshaingiwa na tamaa?" Mama wa Makorora, Tanga.

Pole, mama. Usimwite mwanao mwenye tamaa, maana jina hilo litamganda bure. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichapisha utafiti wa watoto wa shule ya awali huko Marekani waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti likichora. La pili lilipewa cheti bila kutarajia. La tatu halikupata chochote. Baada ya wiki moja au mbili, kalamu ziliwekwa tena mezani, safari hii bila cheti. Walioahidiwa walichora kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao, ilhali waliopewa kwa kushtukiza hawakupungukiwa na hamu. Kinachoua hamu, basi, ni makubaliano ya "fanya hiki nikupe kile": mtoto huanza kuamini kwamba anasoma kwa ajili ya pesa. Vile vitabu vyembamba navyo vina sababu: malipo ni kwa kitabu, na chembamba huisha upesi.

Kaa kwanza na mumeo mkubaliane, kwa sababu mmoja akikaza na mwingine akatoa kwa siri, kazi yote ni bure. Mlipeni mtoto deni lote la vitabu alivyokwisha kumaliza. Kisha, mtoto akiwa ameshiba na ametulia, mwambieni: "Kuanzia leo kusoma hakuna malipo. Posho yako utapata kila Jumamosi, usome usisome." Posho iwe ndogo na isibadilike. Atanunua ubuyu wake kama kawaida, ila pesa na kitabu vitakuwa vimeachana.

Mayowe yatazidi siku za mwanzo. Hapa ndipo wazazi wengi huangukia: siku ya nne wanatoa mia tano ili nyumba itulie, na mtoto anajifunza kwamba akilia kwa muda mrefu zaidi atalipwa. Tabia inayolipwa mara mojamoja ni ngumu kung'oka kuliko inayolipwa kila mara, kwa hiyo hata siku moja usilegee. Kaa karibu naye, sauti iwe ya chini, uitaje hasira yake: "Umekasirika kwa kuwa ulizitegemea zile pesa." Usimpe mawaidha wakati huo, hayamwingii. Akipoa mpe maji, muendelee na mengine.

Wiki mbili za kwanza usimtume akasome peke yake. Kabla ya kulala tenga dakika 15, mwekee vitabu vitatu achague kimoja, usome ukurasa wewe na yeye asome unaofuata. Funga kitabu pale hadithi inaponoga, hata akilalamika. Wanasaikolojia Deci na Ryan wanasema hamu ya ndani huhitaji mambo matatu: kujichagulia, kujiona unaweza, na ukaribu na watu. Dakika hizo 15 zina yote matatu. Baba naye apate zamu yake, maana nia yake ilikuwa njema tangu mwanzo.

Sifa pia zina namna yake. Mwaka 1998 watafiti Mueller na Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walielekea kuchagua kazi rahisi, na waliposhindwa walikata tamaa mapema kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Badala ya "una akili", sema "neno lile gumu umelirudia mpaka umeliweza."

Zawadi haijaharamishwa. Kwa kazi ambayo mtoto haipendi tangu mwanzo, hakuna hamu ya kuharibu. Na akianza kusogeza kitabu karibu na uso, kuruka mistari au kulalamika kichwa kinauma, mpeleke akapimwe macho kabla ya kujaribu lolote kati ya haya.